Binti yangu ajaze rangi yake kwenye maombi ya chuo, au aache wazi?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni Mtanzania, kwetu Tanga, mume wangu ni wa Rombo, na makazi yetu ni Columbus, Ohio. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu. Binti yetu wa kwanza alizaliwa hapa na sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anajitahidi sana, hasa kemia na hesabu. Ameshachagua vyuo vya kuomba: cha jimbo letu, Howard, chuo cha kihistoria cha Weusi kule Washington, na viwili vile vyenye majina makubwa ambavyo hata Rombo wanavijua.

Ugomvi ulianzia kwenye fomu. Kuna sehemu inauliza asili yako, na ukichagua Mweusi unaulizwa tena: wa Marekani, wa Afrika, wa Karibiani au wa kwingine. Mume wangu anataka aache wazi. Anasema mahakama imeshapiga marufuku mambo ya rangi, mtoto akijaza atajitia kitanzi mwenyewe na faili lake litawekwa pembeni. Tena ana uchungu wake wa zamani. Kaka yake mkubwa alifaulu darasa la saba miaka ya 1970 akakosa sekondari ya serikali, kwa sababu nafasi ziligawanywa kimkoa na Kilimanjaro waliofaulu walikuwa wengi mno. Wa mikoa mingine wenye alama za chini yake wakaenda, yeye akabaki kwenye kahawa ya baba yao. "Mtu apimwe kwa alama zake, basi." Akishafika hapo humwambii kitu.

Binti naye ana yake. Anasema ile sera ya vyuo kuwapa Weusi nafuu kwenye udahili iliwekwa kwa ajili ya wajukuu wa watumwa, sisi tulikuja kwa ndege na viza mkononi, kwa hiyo kujihesabu humo ni kula haki ya watu. Ana rafiki wa karibu, Mmarekani Mweusi, ukoo wao ulitokea Alabama. Waliwahi kubishana juu ya jambo hili, akarudi nyumbani analia.

Halafu kuna insha. Aliandika ya kwanza mwenyewe. Inahusu siku ya kwanza ya darasa la kemia ya juu: mwalimu alimsimamisha mlangoni, yeye peke yake, akataka kuona ratiba yake kama kweli yuko darasa lile. Akaitoa kwenye begi, akaonyesha, akaingia kukaa. Kufikia muhula wa pili wenzake walikuwa wanajazana kwenye meza yake kabla ya mtihani. Baba yake akasema aitoe, ina rangi ndani. Basi kijana mmoja wa jumuiya yetu, aliyemaliza chuo, akajitolea kuirekebisha. Ikarudi imekuwa habari ya kijiji kisicho na umeme na msichana anayebeba ndoo ya maji kichwani. Shangazi, mtoto huyu hajawahi kubeba ndoo. Hata mimi kwetu Tanga tulikuwa na bomba uani.

Na juu ya yote, juzi kazini, mama mmoja wa Kizungu ninayefanya naye zamu akaniambia, "Wako hana wasiwasi, Weusi siku hizi wanachukuliwa tu." Sikumjibu, tulikuwa tunambadilishia bibi mmoja mashuka. Lakini limenikaa.

Ajaze au aache? Atume insha ipi? Na ni kweli tunakula haki ya wengine?

Mama aliye njia panda, Columbus

*

Marahaba mwanangu,

Nikujibu kwanza lile lenye tarehe ya mwisho. Ajaze sehemu ile kwa ukweli: Mweusi, wa Afrika. Atume insha ya kemia. Ile ya ndoo aifute leo hii.

Sasa tuzungumze na baba watoto, maana hofu yake haikutoka hewani. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi mbili zilizofunguliwa na kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions, kilichoanzishwa na Edward Blum, moja dhidi ya Harvard na nyingine dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Ile ya North Carolina ilikwenda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Ya Harvard sita dhidi ya wawili, kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa. Tangu siku hiyo chuo hakiruhusiwi kumpa mwombaji nafuu kwa sababu tu ya rangi yake. Lakini sheria hiyohiyo inakataza pia kumweka mtu pembeni kwa sababu ya rangi yake. Mumeo ameshika upande mmoja wa hukumu akaachia mwingine.

Swali la asili bado lipo kwenye fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi (Common App) kwa sababu vyuo vinatakiwa kutoa takwimu. Fomu yenyewe inaviruhusu vyuo kulificha jibu, wanaosoma mafaili wasilione. Kwa hiyo kujaza hakumwongezei binti yako alama wala hakumpunguzii. Kuacha wazi nako si dhambi. Mimi nasema ajaze kwa sababu moja tu: sitaki mtoto wa miaka kumi na saba afundishwe na wazazi wake kwamba kutaja alivyo ni hatari.

Kuhusu insha, Jaji Mkuu John Roberts aliliandika wazi katika hukumu yake: hakuna kinachokataza chuo kuzingatia anachosimulia mwombaji kuhusu jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa, kwa kumtia moyo au vinginevyo, ilimradi kiungane na tabia yake au uwezo atakaoleta chuoni. Akaonya vilevile kwamba vyuo visitumie insha kama mlango wa nyuma wa kurudisha utaratibu uliokatazwa. Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatoa waraka uliolitanua katazo hilo mno, hadi kuzitilia shaka insha zenyewe; huenda ndiyo habari aliyoisikia mumeo redioni akiwa barabarani. Waraka huo ulizuiwa mahakamani mwezi wa Aprili na kubatilishwa na jaji wa shirikisho huko Maryland mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Maneno ya Roberts yako palepale.

Sasa mtazame binti yako mlangoni pa darasa la kemia. Mwalimu anataka ratiba. Wanafunzi wengine wanapita. Anafungua begi, anatafuta karatasi huku anaangaliwa. Hapo hajakwambia ni Mweusi, lakini huwezi kuelewa kilichotokea bila kujua. Halafu anaingia, anakaa, anajifunza, na baadaye wanaomzunguka mezani ni walewale waliompita mlangoni. Hicho ndicho hasa Roberts alichosema kinaruhusiwa: jambo lililompata mtu huyu, na alichokifanya nalo. Mimi nimekuwa mshauri katika sekondari za huku kwa miaka mingi, insha za wanafunzi nimezisoma hadi macho yakauma, na nakwambia insha ya namna hii haiji kila siku.

Inahitaji kazi, hata hivyo. Kutokana na ulivyonisimulia, naona mwalimu ana nafasi kubwa na kemia ina nafasi ndogo. Mwambie apunguze mlango aongeze meza. Walipokuwa wanajazana pale kabla ya mtihani, alikuwa anawaeleza nini? Ni kitu gani yeye alikiona mapema kuliko wenzake, na alikielezaje hadi wakaelewa? Ana maneno 650 tu, na msomaji wa chuo anataka kumjua yeye kuliko kumjua yule mwalimu. Wala asimlaani mwalimu. Aseme lilivyotokea, aendelee.

Ile ya ndoo sina subira nayo. Kwanza ni uongo, na chuo kikiubaini kinaweza kufuta udahili hata baada ya kuutoa. Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijana yule, kwa nia njema kabisa, amemwambia binti yako kwamba Mwafrika hana cha kusimulia isipokuwa dhiki. Wapo watoto wa Kiafrika huku ambao walibeba ndoo kweli. Wapo waliokulia Nyarugusu kule Kigoma, kambini, wakafika Ohio wakiwa na miaka kumi na tatu bila neno la Kiingereza. Insha ile ni yao wakitaka kuiandika. Binti yako akiivaa anawachukulia wao kitu. Mlivyokuwa mnagombana juu ya kula haki ya watu, hapo ndipo ilipokuwa inaliwa, mezani kwenu.

Shemeji yako wa Rombo namwonea uchungu, na sitamwambia mumeo asahau. Mgawanyo ule wa mikoa ulikuwa na sababu. Wamisheni walijenga shule nyingi Kilimanjaro na Bukoba. Lindi, Mtwara na kwingineko watoto walikuta madarasa machache, na alama za mtihani wa darasa la saba zilipima pia umbali wa shule na nani alikuwa na mwalimu. Serikali ya nchi changa iliona hatari ya kuwa na mikoa miwili mitatu inayotoa wasomi wote. Naamini ilikuwa sahihi kujali hilo. Hata hivyo aliyelipa gharama ni mtoto mmoja mwenye jina, na hakuna aliyekwenda kumweleza kwa nini. Mjomba wangu naye aliachwa hivyohivyo. Watu wa Kilimanjaro walijibu kwa kujenga sekondari zao za makanisa na za wazazi, na ndiyo maana leo mkoa ule umejaa shule. Uchungu wa mumeo ni halali.

Ila akisema huku watu walikuwa wanapimwa kwa alama mpaka Weusi walipopendelewa, hapo namkatalia. Kesi ya Harvard ilifungua mafaili ya chuo, na wanauchumi walioyachambua walikuta zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliodahiliwa walikuwa wanamichezo walioalikwa na chuo kwa ajili ya timu zake, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi, au majina yaliyo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambamo zimo familia za wafadhili. Mlango huo mahakama haikuufunga. Majimbo machache yameanza kuufunga yenyewe: Colorado mwaka 2021 kwa vyuo vya umma, Virginia 2024 vilevile, na California imevihusisha hata vyuo binafsi. Kaka wa mumeo, angezaliwa Boston, asingekuwa na baba aliyesoma Harvard.

Mafaili hayo yalionyesha pia kwamba waombaji wenye asili ya Asia walikuwa wakipewa, kwa wastani, alama za chini za haiba kuliko wengine. Jaji wa kwanza, mwaka 2019, hakuona ubaguzi wa makusudi. Mimi nikiwa mzazi wa Kihindi au wa Kichina ningekasirika, na sitamwambia mzazi huyo kwamba hasira yake ni chuki kwa Weusi. Chuo kingeweza kuliondoa tatizo hilo bila kugusa nafuu ya Weusi.

Kuhusu hukumu yenyewe, naona mahakama ilikosea. Juni 1965, palepale Howard ambapo binti yako anataka kwenda, Rais Lyndon Johnson alisema huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo kwa miaka, ukamfungua, ukamfikisha kwenye mstari wa mbio, ukamwambia yuko huru kushindana na wengine wote, kisha ukaamini umetenda haki. Sijaona aliyejibu hoja hiyo hadi leo. Matokeo tumeyaona. Kundi la kwanza lililodahiliwa baada ya hukumu, lile la 2024, Weusi wa chuo cha MIT walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5; Amherst kutoka 11 hadi 3. Yale ilibaki na 14, kwa hiyo si kila mahali palianguka, na vyuo vyenyewe vinatofautiana kwa juhudi. Mwenzako wa kazini anayesema Weusi wanachukuliwa tu, mpe hizo namba mkishamaliza mashuka. Mwambie pia kwamba vyuo vingi vya Marekani hupokea zaidi ya nusu ya wanaoomba, wa rangi zote. Kelele zote hizi zinahusu vyuo vichache.

Nije kwa binti, maana swali lake ndilo lililonifanya niichague barua hii.

Sera ilipoanza, katika miaka ya 1960, nia ilikuwa kulipa fidia ya utumwa na ubaguzi. Mwaka 1978 ikaja kesi ya Allan Bakke, Mzungu aliyenyimwa nafasi ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako nafasi 16 kati ya 100 zilitengwa kwa ajili ya watu wa jamii za wachache. Maoni ya Jaji Lewis Powell ndiyo yaliyoamua. Alikataa kutenga nafasi, akakataa pia hoja ya kufidia makosa ya jamii nzima. Alichokubali ni kwamba chuo kinaweza kutaka wanafunzi wa asili mbalimbali kwa sababu wote hujifunza vizuri zaidi wakichanganyika. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Deni likaondolewa mezani, likawekwa neno mchanganyiko. Na kwa hesabu ya mchanganyiko, mtoto wa mhamiaji kutoka Tanga na kitukuu wa mtumwa wa Alabama ni Weusi wawili, basi.

Vyuo vikafuata njia nyepesi. Utafiti uliochapishwa 2007, ulioangalia walioingia vyuo 28 vyenye ushindani mkubwa mwaka 1999, ulikuta zaidi ya robo ya wanafunzi Weusi ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji, kiwango kikubwa kupita uwiano wao nchini. Mwaka 2004 maprofesa wawili Weusi wa Harvard, Lani Guinier na Henry Louis Gates Jr., walilisema hadharani: chuo kinahesabu Weusi wengi, lakini wajukuu wa watumwa wako wapi? Hawakusema wahamiaji wafukuzwe. Walitaka chuo kisijisifu kwa deni ambalo hakijalilipa. Rafiki wa binti yako anasimama mahali hapohapo, na yuko sahihi. Binti yako asimbishie.

Lakini aelewe kwamba baada ya 2023 ile alama kwenye fomu haimpi mtu kiti, kwa hiyo haimnyang'anyi mtu kiti. Kinachobaki chenye mwenyewe ni kile kilichotengwa kwa jina. Georgetown, kwa mfano, iliamua mwaka 2016 kuwapa kipaumbele cha udahili wazao wa watumwa walioifaa. Mapadri Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 mwaka 1838 na sehemu ya fedha ikakiokoa chuo. Kipaumbele hicho na misaada iliyoandikwa kwa wazao wa watumwa asiiguse, hata kama fomu haitamuuliza zaidi.

Na ajue jambo jingine, maana naona watoto wetu hawaambiwi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anahangaika kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, waliotia sahihi barua ya kuwachangia walikuwa Wamarekani Weusi watatu maarufu: Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Ndege ya kwanza ilipakia vijana 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuja kwa mpango huohuo, akaenda kusoma Kansas. Wamarekani Weusi walichanga wakati wao wenyewe, katika majimbo mengi ya Kusini, hawakuruhusiwa kukaa darasa moja na Wazungu. Kisha harakati zao ndizo zilizoifanya nchi hii ione aibu ya kuchagua wahamiaji kwa rangi, na sheria ya uhamiaji ya 1965 ikafungua mlango uliokupitisha wewe na mumeo. Ile viza aliyoitaja binti yako ina jasho la kina bibi wa rafiki yake ndani. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea rafiki yake, ana kwa ana, kabla ya kumwambia chochote kuhusu fomu. Asijihukumu kuwa mwizi, na asijifanye mwenye nyumba.

Howard ibaki juu kwenye orodha, tafadhali. Ilianzishwa 1867, miaka miwili baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kwisha, ikiwapokea walioachiwa huru, na milango yake haijawahi kufungiwa rangi yoyote. Hapo hakuna atakayemuuliza ratiba mlangoni.

Mwisho, fedha, ambazo hukuzitaja na ndizo zitakazoamua. Mumeo akirudi safari hii mkae naye mjaze FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo. Bila taarifa zenu za kodi mtoto hawezi kuimaliza. Msiogope bei iliyoandikwa kwenye vyuo vile viwili vyenye majina, maana mara nyingi siyo mtakayolipa. Harvard, kwa mfano, tangu mwaka wa masomo 2025/26 haitozi ada familia zenye kipato cha hadi dola 200,000 kwa mwaka, na zile za hadi dola 100,000 hazilipi hata malazi na chakula. Kila chuo kina kikokotoo cha bei kwenye tovuti yake. Kaeni mkijaze kimoja kimoja. Na asisaini ule mpango wa kuomba mapema unaomfunga kwenda chuo kimoja akikubaliwa, mpaka mjue mtalipa kiasi gani, kwa sababu akishafungwa hana ofa nyingine ya kulinganisha.

Shangazi